Mama wa Ngozi na Swali la Tisa

Mtu aliyeniajiri aliitwa daktari, na kwa hiyo wiki ya kwanza watu walimletea watoto wenye homa. Alikuwa daktari wa vitabu tu, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Nairobi, mzaliwa wa mbali na kwetu, asiyejua neno la Kikamba zaidi ya salamu. Alikuja kutafuta jambo moja: kwa nini mtu mmoja huanzisha biashara, na jirani yake, mwenye shamba lile lile na jua lile lile, haanzishi. Alipanga chumba Makindu, karibu na stesheni, akaniandika kazi nizunguke na hojaji zake upande wetu wa Ikutha, ng'ambo ya mto Athi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sina kazi. Nilipopewa ubao wa kuandikia wenye kibanio na kalamu mbili mpya, nilijiona nimefika.

Mpaka leo nikiona karatasi yenye maswali yaliyopangwa kwa namba, hata ile ya sensa, huigeuza kifudifudi kabla ya kuisoma. Wanangu hunicheka. Sijawahi kuwaeleza sababu.

Ilikuwa miaka ya themanini, katika ile njaa ambayo watu walikuwa na pesa mkononi na hapakuwa na chakula cha kununua. Ng'ombe walikufa kwanza, kisha mbuzi. Mama yangu alikuwa mjane, hajui kusoma wala kuandika, na mzigo wake ulikuwa mimi na wadogo zangu wawili. Wenzake walipokuwa wakitazama mizoga, yeye alitazama ngozi. Alizunguka maboma ya watu akizinunua kabla hazijaoza, akaziwamba kwa vigingi, akazitia chumvi, akazikausha kivulini katika banda la makuti nyuma ya nyumba yetu. Kisha alizifunga mafungu, akavuka Athi na punda wawili mpaka Makindu, ambako malori ya wanunuzi yalipita, akarudi na unga. Watu wakamwita mama wa ngozi. Mwaka ule ambao kila mtu alikuwa anatoa bati la nyumba yake apewe debe la mahindi, sisi tulikula mara mbili kwa siku.

Daktari angempenda mama. Aliniambia mjasiriamali ana kitu ndani yake, kitu alichozaliwa nacho. Kuna watu, alisema, wanaona nafasi pale wengine wanapoona hasara, na wanathubutu bila kungoja wenzao. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta hao, kuwapima, na kujua wanafananaje. Katika mswada wake uliopigwa taipu kulikuwa na ukurasa mmoja juu ya mikabala mingine. Wako wasomi, ukurasa ulisema, wanaodai kwamba ukimkazia macho mtu mmoja huoni kitu. Sharti utazame watu waliomzunguka, ndugu, majirani, kanisa, nani alimfungulia njia na nani alimfungia. Daktari aliuandika ukurasa huo ili aukatae. Niliusoma nikiwa nakula karanga, nikaupita.

Hojaji ilikuwa na maswali ishirini na mawili, kwa Kiingereza, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyatia katika Kikamba. Swali la tisa lilinitoa jasho. Lilimtaka anayehojiwa ataje mtu wa eneo lake ambaye katika biashara huthubutu na kushika njia yake mwenyewe bila kufuata wenzake. Wakati ule hata Kiswahili chenyewe kilikuwa hakijatuzoeza neno ujasiriamali, sembuse Kikamba. Nilikuna kichwa siku mbili. Mwishowe nikaandika: mtaje mtu atembeaye peke yake. Niliyapenda sana maneno hayo. Nilimsomea daktari na kumfasiria, naye akasema nina kipaji.

Sasa lazima nikiri upumbavu wangu. Nyumba yetu ilikuwa ya wokovu. Mambo ya uchawi hayakutajwa mezani kwetu, na sekondari nilisoma bweni, kwa masista. Nilikijua Kikamba cha Biblia na Kikamba cha jikoni. Sikujua kwamba upande ule wa kwetu watu wazima, wakiogopa kulitamka neno muoi, yaani mchawi, walikuwa na njia yao ya adabu ya kulikwepa. Walisema: yule atembeaye peke yake.

Basi mimi, binti wa kanisa, nikazunguka nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, na karatasi yenye mhuri wa chuo kikuu, nikiwaomba watu wanitajie wachawi.

Nilianza na vijiji vya mbali, ambako hawakunijua. Nilipofika swali la tisa watu walitazama mlango. Mzee mmoja aliniuliza kama jina lake litaandikwa, nikamwambia hapana, majibu yote ni siri. Hapo akasogeza kigoda, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Yule mama wa ngozi, wa upande wa Ikutha." Nyumba iliyofuata, mama wa ngozi. Iliyofuata, mama wa ngozi tena. Nikawa natia alama mbele ya jina hilo, nne nne na mstari wa kukata, na kifua kinanijaa. Nilidhani wananong'ona kwa sababu ya wivu. Nilijiambia, tazama, hata wasiompenda wanakiri kwamba mama yangu ni shujaa.

Kuna mwanamke mmoja aliyenisindikiza mpaka njiani akaniuliza, "Mkishawahesabu, mtawapeleka wapi?"

"Tunataka kujifunza kutoka kwao," nikamjibu.

Alirudi nyuma hatua mbili, kisha akageuka akaenda zake haraka, akisahau hata kuniaga. Hilo nalo sikulielewa.

Aliyenifumbua macho ni naibu wa chifu. Alinikuta sokoni Ikutha, mbele ya kinu cha posho ambacho siku hizo kilikuwa kimefungwa kwa kukosa mahindi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya serikali iliyopauka, na alipenda kusema Kiswahili akiwa kazini hata na sisi tuliozaliwa naye kijiji kimoja.

"Sasa wewe msichana, ile listi yenu ya wachawi mtaleta kwa ofisi lini?"

"Listi gani, mzee?"

"Ya hao watu wa kutembea peke yao. Usinifiche. Serikali imefanya vizuri kabisa. Watu wamelia tangu ng'ombe zianze kuisha."

Nilishika ukuta wa kinu. Maneno yangu mazuri yakanirudia moja moja, na kila moja sasa lilikuwa na maana nyingine. Nikamwona yule mzee akisogeza kigoda. Nikaziona zile alama zangu, nne nne na mstari wa kukata.

"Mzee," nikasema, "yule mama wa ngozi ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Ndiyo sababu watu wanasema wewe ni mtu wa haki. Hata mama yako umemwandika." Akanipigapiga begani. "Ijumaa wazee watakaa pale shule. Ataitwa yeye kwanza."

Sijui niliagana naye vipi. Nakumbuka nilikimbia, nikachoka, nikatembea, nikakimbia tena. Nilihofu nitaikuta nyumba inawaka. Kulikuwa na visa kama hivyo, tulivisikia. Familia ililala na nyumba, ikaamka na majivu, na hakuna aliyemwona mtu.

Nilimkuta mama bandani, amepiga magoti juu ya ngozi, anaipaka chumvi. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Wiki mbili sasa wananipisha kisimani niteke wa kwanza," akasema. "Ulidhani ni heshima?"

Nilianza kulia. Mama aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na siku zote alilitamka kwa utani. Siku hiyo hakutania. "Mwaitu," akasema, "kama wangekuwa wanasema tu, ningewaacha waseme. Lakini wewe umewapa karatasi."

Hilo ndilo lililoniuma mpaka mfupani. Minong'ono ilikuwepo kabla yangu. Mtu anayenenepa ng'ombe wa wenzake wakifa hawezi kukosa kusemwa. Lakini maneno yalikuwa yametawanyika, kila nyumba na hofu yake, na hakuna aliyejua jirani anafikiri nini. Mimi ndiye niliyeyaokota, nikayajumlisha, nikayatia mhuri.

Mama alinieleza kitakachofuata. Wazee watamtaka aape kwa kithitu, kitu cha kuapia cha Wakamba, ambacho mwenye kukiapia kwa uongo hufa yeye na watu wa nyumba yake. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, ameahidi mbele ya madhabahu kutoshika vitu hivyo. Akikataa kuapa, atakuwa amejihukumu. Akiapa, kanisa litamtenga, na mtoto yeyote kwetu akiugua malaria baada ya hapo, watasema kiapo kimemshika. Hakukuwa na mlango wa tatu. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilipanda lori la makaa mpaka Makindu. Nilimkuta daktari hotelini, anakula chapati kwa dengu, na magazeti yake yamepangwa vizuri mezani. Nilipomweleza alicheka kwanza. Kisha akaniangalia usoni, akaiweka chapati chini.

"Ni kosa la tafsiri," akasema. "Nitakuja niwaelezee."

"Ukisema nilikosea, watasema mimi ni mtoto wake, nimegeuza maneno nimwokoe. Lile neno limeshatoka, daktari. Haliwezi kurudishwa."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Njia nzima juu ya magunia ya makaa nilikuwa nimefikiria jambo hilo, na nililiogopa. "Ule ukurasa wa mikabala mingine," nikamwambia. "Njoo uulize vile wanavyosema wale wasomi. Usiulize nani. Uliza na nani."

"Ule nimeukataa. Hoja zake zina makosa."

"Uukubali Ijumaa tu."

Akakunja uso. Nilimharibia kazi, alisema. Alikuwa amekuja kumtafuta mtu, hakuja kutafuta ukoo na majirani; na huwezi kubadili mkabala katikati ya utafiti kama unavyobadili shati. "Tena huu ni utafiti," akamalizia. "Sio tiba."

"Kwetu wameshakuita daktari," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka palepale, mbele ya wateja. Nadhani ni aibu iliyomfanya akubali.

Ijumaa wazee walikaa katika darasa la tatu, kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Wakati mwingine ningecheka. Watu wengine walijaza madirisha. Kithitu chenyewe hakikuingizwa ndani. Kilikuwa nje, kimefunikwa, na mwenye kukitunza ameketi mbali nacho kidogo, na watu walipita wakikizunguka kwa upana. Mama alivaa nguo zake za Jumapili. Alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, na benchi lote lililobaki lilikuwa tupu.

Daktari alisimama, nami nikasimama kando yake kufasiri. Alisema kwamba amekuja kujifunza biashara ya ngozi ya Ikutha, kwa sababu sifa zake zimefika Nairobi. Uongo mtupu. Nikaufasiri bila kupepesa.

"Nataka kujua," akasema, "ngozi ya kwanza kabisa ilitoka boma la nani?"

Nzi mmoja alikuwa akigonga kioo cha dirisha, namsikia mpaka sasa. Niliwaza, kama hakuna atakayejibu, basi nimemleta mtu huyu kutoka Makindu aje ashuhudie mama akihukumiwa. Nilihesabu pumzi zangu. Nilifika kumi na nne.

"Kwangu," akasema mzee mmoja wa nyuma. "Ilikuwa ng'ombe yangu nyekundu."

"Iliuawa na nini?"

Mzee akamtazama daktari kama anayemtazama mtoto. "Na jua. Ni nini ingine ilikuwa inaua ng'ombe?"

Nikalitafsiri neno hilo kwa sauti kubwa kuliko lilivyohitaji. Jua. Mama hakuinua kichwa.

"Ni nani aliichuna?"

"Wanangu."

"Na chumvi ilipatikana wapi?"

Mwenye duka, mzee wa familia ya Kiislamu iliyofanya biashara Ikutha tangu zamani, alijibu kutoka dirishani. "Kwangu, mwalimu. Chumvi ya mawe, gunia zima, na nilimpunguzia."

"Na punda?"

Punda walikuwa wa jirani yetu. Kivuko cha Athi kilionyeshwa na mvuvi wa kambare, ambaye naye alitaka daktari aandike kwamba alimwonya mama kuhusu mamba. Banda lilijengwa na kina mama. Hapo wanawake wakaanza kusema wote pamoja: mimi nilileta fito, mimi nilikata makuti, mimi nilishika ngazi. Daktari aliandika kwa kasi. Kadiri alivyoandika ndivyo walivyotaka kuandikwa. Wakainuka hata watu ambao najua hakika hawakuwahi kushika kigingi kimoja. Mmoja wa wanawake waliokuwa wakimpisha mama kisimani alisema yeye ndiye aliyemfundisha kuwamba.

Nilifasiri mpaka koo likanikauka. Hofu ilikuwa bado imenikaa, lakini sasa ilikuwa na kitu pembeni yake, kama kicheko kinachotafuta pa kutokea.

Mwishowe mzee mkubwa wa kikao akainua mkono. "Kumbe hii kazi ni ya mwethya," akasema. Mwethya ni kikundi cha kazi cha majirani. Wanalima pamoja, wanajenga pamoja, na hakuna anayeitwa mwenye kazi. Akamgeukia mama. "Sema wewe. Ni kweli hii ni kazi yetu sisi wote?"

Nilimwangalia mama mgongoni, nguo ya Jumapili imekazwa mabegani, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote tatu. Nilimjua. Nilijua jibu lililokuwa mdomoni mwake. Nilimwomba kimoyomoyo, mama, sema ndiyo, nakuomba, sema tu.

"Ni kweli," akasema.

Darasa zima likashusha pumzi. Mwenye kukitunza kithitu alikibeba akaenda zake. Kina mama wakaja kukaa naye kwenye benchi, wanamshika mikono, na mmoja akamuuliza zamu yake ya kwenda Makindu ni lini.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi wawili. Nilitaka anisifu. Nilikuwa nimemwokoa, au nilidhani hivyo. Tulipofika kwenye korongo akasimama.

"Mara ya kwanza nilipovuka Athi maji yalinifika hapa," akasema, akajigusa chini ya kwapa. "Makindu nililala nje ya stesheni siku mbili, nimezilalia ngozi zisiibwe. Yule mnunuzi alinicheka, akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nilipokwenda kwa hao kina mama kuwaambia tufanye pamoja, walisema ngozi za mizoga zina laana. Makuti walileta, ndiyo. Niliwalipa kwa unga." Akanitazama. "Hakuna aliyekuwepo, Mwaitu. Unanisikia? Hakuna."

Nikasema, "Wangekuua, mama."

"Najua," akasema, akaendelea kutembea.

Wiki iliyofuata biashara ilikuwa ya kikundi. Walikuja bandani saa za asubuhi, wanacheka, wanabishana juu ya chumvi, na mama alikuwa na zamu kama wao. Hakuna aliyempisha tena kisimani. Daktari alifurahi sana na aliyoyasikia darasani. Alisema huenda akauandika upya ule ukurasa, ukawa sura nzima, na akaniachia hojaji ya biashara ya mama, aliyoijaza siku ile darasani, niinakili kwa mwandiko safi kabla ya kuipeleka Nairobi.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nikiinakili, mama alipokuja na ungo wa kunde, akaketi karibu nami.

"Hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo."

"Wameandika ni nani alianzisha?"

Nafasi hiyo ilikuwepo, juu kabisa ya ukurasa. Mwanzilishi wa biashara. Na mbele yake, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: kikundi cha kina mama.

"Wameandika," nikasema.

"Nisomee."

Nikaweka kidole juu ya maneno yale, nikamsomea majina yake, yote matatu, lile la ubatizo, la kwao na la baba yetu. Mama aliinama, akakitazama kidole changu, akayatazama maneno chini yake kwa muda mrefu, kama anayehesabu urefu wake.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Jumatatu iliyofuata alivaa zile nguo za Jumapili akaenda kujiandikisha katika kisomo cha watu wazima, kile tulichokiita ngumbaru. Nilimwona akiteremka njia, na daftari jipya kwapani. Nikaichukua ile karatasi nikapanda lori la kwanza la Makindu, niifikishe kwa daktari kabla mama hajaijua herufi ya kwanza ya jina lake.